Je, Wajua? Vijinzi Weusi wa Vyungu vya Maua

Je, wajua kwamba vijinzi weusi wanaokurukia usoni unapomwagilia maua ya sebuleni hawaumi wala hawanyonyi damu? Si ule usubi wa mtoni unaoleta upofu. Hawa ni wa familia ya Sciaridae, urefu wao ni milimita 2 hadi 4 tu, na wengi tunaowakuta majumbani ni wa jenasi ya Bradysia.

Wajua kwamba mara nyingi hukimbia juu ya udongo kuliko kuruka? Ukimwona mdogo mwenye macho mekundu akizunguka ndizi mbivu, huyo ni nzi wa matunda. Mtego wa siki unamfaa yeye. Kwa hawa wa vyunguni haufui dafu.

Je, wajua kwamba anayeruka siye anayeharibu mmea? Aliyekwisha kuota mabawa huishi wiki moja hivi, hutaga, akafa. Mharibifu ni buu wake aliye chini ya udongo: mwili kama kioo, hana miguu, kichwa cheusi kinachong'aa. Chakula chake ni kuvu, mwani na majani yanayooza, lakini mabuu wakizidi huingilia mizizi midogo. Mmea mkubwa huvumilia. Mche hauna nguvu hiyo, na majeraha ya mizizi hufungulia mlango vimelea kama Pythium na Fusarium, ambao ni miongoni mwa wanaoleta kinyausi, ule ugonjwa unaolaza miche kitaluni usiku mmoja. Wakulima wa uyoga nao wanaijua vizuri familia hii, maana mabuu hula nyuzi za uyoga kabla haujachomoza.

Jike mmoja anaweza kutaga mayai 100 hadi 200. Kutoka yai hadi kijinzi kamili ni wiki 3 hadi 4, na joto likipanda siku hupungua. Hesabu hiyo ndiyo inayoshinda dawa ya mbu ya kupuliza: unaua wanaoruka leo, huku mamia wako udongoni ambako moshi wa dawa haufiki. Fedha nyingi hupotelea hapa. Na tafadhali, usimimine mafuta ya taa kwenye chungu. Utaua mmea wenyewe.

Je, wajua kwamba dawa ya kwanza ni kuacha kumwagilia? Mayai na mabuu wachanga hawawezi kuishi kwenye udongo mkavu, na karibu wote hukaa kwenye sentimita 5 za juu. Acha sehemu hiyo ikauke kabisa kabla ya kurudisha maji. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, weka kopo chini. Mwaga maji yaliyotuama kwenye sahani ya chungu. Hakikisha matundu ya chini hayajaziba. Chungu cha udongo wa kufinyanga hukauka upesi kuliko cha plastiki, na kile cha plastiki kilichofichwa ndani ya kapu la mapambo ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu maji hutuama ndani bila mtu kuyaona.

Majani ya chai na machicha ya kahawa tunayomwaga vyunguni kwa nia njema? Hukaa na unyevu, huota kuvu, na kuvu ndiyo chakula chenyewe cha mabuu. Samadi isiyoiva vilevile. Vipeleke kwenye shimo la mboji vikaive kwanza.

Wajua kwamba kiazi mbatata ni mpelelezi? Kata kipande kibichi, kilaze juu ya udongo, kigeuze baada ya siku 2. Mabuu wakiwapo utawakuta wameng'ang'ania upande wa chini. Kitupe pamoja nao, uweke kingine.

Rangi ya njano huwavuta wakubwa. Kifuniko cha njano kilichopakwa mafuta ya mgando, kikiwekwa karibu na udongo, huwanasa. Peke yake hakimalizi tatizo, ila hukuonyesha kama wanapungua.

Je, wajua kwamba bakteria aliyegunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev, Israeli, ndani ya kidimbwi cha viluwiluwi vya mbu vilivyokufa, huua pia mabuu hawa? Jina lake ni Bacillus thuringiensis israelensis, kwa kifupi Bti. Buu akimla, sumu yake hupasua utumbo. Binadamu, paka na nyuki hawadhuriki. Kibaha, mkoani Pwani, kuna kiwanda kinachotengeneza dawa za kibayolojia za viluwiluwi vya mbu zinazotokana na bakteria wa aina hii. Kwa vyungu, tafuta dawa ambayo lebo yake inataja Bti na wadudu hawa, kwa sababu ndugu yake anayeuzwa kwa ajili ya viwavi hatawagusa. Rudia kila wiki kwa wiki 3 hivi: mayai na pupa hawali kitu, kwa hiyo dozi moja huwapita.

Sayansi nayo ina deni kwa vijinzi hawa. Mwaka 1960 Helen Crouse, akichunguza kromosomu za vijinzi wa jamii hii, ndiye aliyeanza kuzungumzia alama ambayo kromosomu hubeba kuonyesha kama imetoka kwa baba au kwa mama. Leo somo hilo limo katika tiba ya binadamu.

Je, wajua kwamba ua la Saintpaulia, linalopamba madirisha Ulaya na Marekani, asili yake ni misitu yetu ya Usambara na milima jirani? Wanaolitunza vizuri hulinywesha kutoka chini, kwenye sahani, kisha humwaga maji yaliyobaki. Majani hayapati madoa na udongo wa juu hubaki mkavu. Mwenzake wa Afrika Mashariki, Zamioculcas, huweka maji kwenye vishina vya chini na kukaa wiki kadhaa bila kunyweshwa. Kama nyumba yako haiishi vijinzi, anza na huyo.

Usilegeze mkono siku ya kwanza usipowaona. Endelea kunywesha kwa kiasi mwezi mzima, na mmea mpya kutoka kitaluni uuweke mbali na wenzake kwa muda huohuo.