KUTOA UPEPO KATIKA BREKI ZA LAND ROVER KUUKUU

Land Rover ya shule yetu ni ya aina ya Series IIA, ambayo ilianza kuundwa mwaka 1961 na ikakoma mwaka 1971. Pamoja na uzee wake bado yatuletea kuni, na usiku ndiyo iwachukuayo wagonjwa kwenda hospitali. Njia yenyewe ni mteremko mtupu tangu langoni mpaka darajani. Kwa hiyo habari ya breki zake si ya dereva peke yake. Ni yetu sote tukaao nyuma. Nami, kwa kuwa ni mmoja wa wasaidizi wa karakana, nimeombwa nieleze jinsi tuzitunzavyo.

Ukikanyaga pedali, unasukuma pistoni iliyo ndani ya masta silinda. Pistoni husukuma mafuta, nayo hupita katika mabomba membamba mpaka kwenye silinda ndogo za magurudumu, na hizo hutanua viatu vya breki vikaigandamiza dramu. Kanuni ni ile ya Mfaransa Blaise Pascal (1623-1662) tuliyosoma darasani: mafuta yaliyofungiwa yakisukumwa mahali pamoja, mgandamizo huenea sawasawa kila upande. Mafuta hayabonyei, lakini upepo hubonyea. Pakiwa na kipovu ndani ya bomba, nguvu za mguu huishia kukibonyeza kile kipovu, na gurudumu halipati kitu.

Basi watu wengi, kila pedali inaposhuka, husema, "Breki zimeingia upepo," wakaanza kufungua skrubu. Hapa yafaa kusimama kidogo. Gari hili lina dramu katika magurudumu yote manne, wala viatu vyake havijisogezi vyenyewe vinapolika. Pengo likizidi kidogo tu baina ya kiatu na dramu, pedali hushuka sana, maana masta silinda moja hugawa mafuta yake kwa magurudumu yote. Ukitoa upepo kutwa nzima, pengo halitapungua hata kidogo.

Kwa hiyo iulize pedali kwanza. Ikanyage mara tatu upesi upesi. Ikipanda juu ikawa ngumu kama jiwe, kosa ni pengo. Ikipanda lakini yanesanesa kama godoro, huo ndio upepo. Ikiwa ngumu, kisha chini ya mguu uliotulia ikazama polepole, mafuta yanavuja mahali, au mpira wa ndani wa masta silinda umechakaa. Na hapo kutoa upepo hakutasaidia mpaka kilichoharibika kibadilishwe. Tazama upande wa ndani wa kila tairi: ukiona umajimaji, silinda ya gurudumu hilo inavuja. Gari likivutia upande mmoja, huenda viatu vya upande wa pili vimelowa mafuta au pistoni imekwama kwa kutu. Na gurudumu likikataa kuachia hata baada ya kuondoa mguu, shuku ule mpira mfupi uendao kwenye gurudumu, kwani ukizeeka huvimba ndani ukaziba.

Kabla ya kupiga jeki, neno moja la hatari. Breki ya mkono ya Land Rover hii haishiki magurudumu. Hushika propela nyuma ya giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu huliruhusu lile lililo chini lizunguke, na gari laweza kuondoka likakuangukia. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, tena katika uwanja tambarare.

Gurudumu likiwa juu, zungusha kirekebishio kilicho nyuma ya dramu mpaka gurudumu lishikwe, kisha kilegeze kidogo mpaka lizunguke huru. Fanya hivyo kwa yote manne. Ndipo utoe upepo, ukianza na gurudumu lililo mbali kabisa na masta silinda. Kwa gari letu, ambalo usukani wake uko kulia, ni la nyuma kushoto.

Kazi yataka watu wawili. Jaza kikopo cha mafuta. Vika mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye skrubu ya kutolea upepo, na ncha yake izame katika chupa yenye mafuta safi kidogo. Mwenzako akanyage polepole. Wewe fungua skrubu nusu mzunguko, uone vipovu vikitoka. Pedali ifikapo chini, funga, kisha ndipo umwambie, "Achia!" Akiachia kabla hujafunga, upepo hurudi ndani. Rudieni mpaka mafuta yatoke bila kipovu, mkiangalia kikopo kisikauke, maana kikikauka mtaanza upya. Skrubu iliyoshikwa na kutu usiilazimishe. Itie mafuta ya kulainisha kutu, ungoje, na utumie spana ya pete.

Mafuta yawe ya breki, si ya injini, kwani ya injini huvimbisha mipira yote ikawa haifai. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka joto lipite nyuzi 230. Lakini hunyonya maji kutoka hewani, na yakishanyonya maji mengi yaweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Katika mteremko mrefu joto la dramu huyachemsha, mvuke hubonyea kama upepo, na pedali huenda mpaka sakafuni. Kwa hiyo hubadilishwa kila miaka miwili hata kama yaonekana mazuri, na dereva mwema hushuka mlima kwa gia ndogo. Yakimwagika juu ya rangi ya gari yaoshe kwa maji mara moja, la sivyo yataibabua.

Mwisho, kanyaga kwa nguvu dakika nzima huku mwenzako akikagua kila kiungo kwa tochi. Kisha liendesheni polepole uwanjani, na kusimama mara nyingi, kabla ya kulipeleka mteremkoni.