Hattie McDaniel, Mchezaji wa Sinema

Kila hadithi ya sinema ina bwana hodari na bibi mzuri, ambao majina yao huandikwa kwa herufi kubwa. Lakini kando yao wamo wengine: mpishi, yaya, jirani mwenye maneno mengi. Hao ndio wachezaji wa nafasi ndogo, na mara nyingi ndio waifanyao hadithi isadikike. Leo napenda kuwaelezeni habari za mmoja wao, Bibi Hattie McDaniel wa Marekani.

Alizaliwa Wichita, katika jimbo la Kansas, katika miaka ya 1890, kitinda mimba wa watoto kumi na watatu. Baba yake alipata kuwa mtumwa, kisha akapigana katika jeshi la serikali wakati wa vita vilivyokomesha utumwa. Binti akakulia Denver, akaimba na kucheza katika vikundi vya kusafiri. Mwaka 1929 biashara ilipoanguka nchini kote, alifanya kazi ya kutunza choo cha wanawake katika nyumba moja ya starehe karibu na Milwaukee, hata aliporuhusiwa kuimba mbele ya wageni. Mwaka 1931 akahamia Los Angeles.

Huko mtu mweusi alifunguliwa mlango mmoja tu: kuwa mtumishi katika picha. Bibi McDaniel akaupita, lakini hakuingia mikono mitupu. Katika Alice Adams, ya mwaka 1935, yeye ni mtumishi aliyeajiriwa kwa karamu moja. Kofia yake imepinda, hatua zake ni nzito. Hasemi mengi, lakini kila mtazamaji hutambua kwamba wenye nyumba wanajidai utajiri wasio nao. Ndiyo kazi ya mchezaji wa nafasi ndogo: kufichua kwa mwendo na uso yale yasiyotamkwa.

Sifa yake kuu ilitoka katika Gone with the Wind, ya mwaka 1939. Picha hiyo ilipoonyeshwa kwanza Atlanta, hakuhudhuria, kwa sababu ya sheria za kutenga watu kwa rangi. Tarehe 29 Februari 1940 alipewa tuzo ya Oscar, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Lakini usiku ule aliketishwa kwenye meza ndogo, mbali na wenzake.

Wako watu weusi waliomlaumu, miongoni mwao Walter White, wakisema kwamba nafasi hizo ziliwadhalilisha watu wake. Lawama hiyo haikuwa ya bure. Naye hakukaa kimya penye haki: mwaka 1945 majirani weupe walipokwenda mahakamani ili yeye na wenziwe weusi waondolewe katika nyumba zao, walipinga wakashinda. Na mwaka 1947 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza mchezo wake mwenyewe katika redio ya nchi nzima, uitwao Beulah.

Alifariki mwaka 1952. Alitamani kuzikwa katika makaburi ya Hollywood. Akakataliwa kwa rangi yake. Jiwe la kumkumbuka liliwekwa humo mwaka 1999. Tuzo yake, aliyokiachia Chuo Kikuu cha Howard, ilipotea. Mwaka 2023 chuo kikapewa nyingine badala yake.

Basi mtazamapo sinema, mwangalieni na yule aletaye sahani. Huenda yeye ndiye aliyeibeba hadithi nzima.