Parachichi na Kitambi: Ukweli wa Sahani ya Thika

Katika masoko ya Thika na Ruiru, parachichi na managu hupatikana hatua chache tu kutoka vibanda vya chipsi. Uchaguzi kati ya vyakula hivyo na chipsi ni mzito: utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya Wakenya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia.

Parachichi lina asidi ya oleiki, mafuta yanayofaa moyo, na nyuzinyuzi zinazochelewesha njaa. Managu yana polifenoli, kemikali za asili za mimea.

Lakini gramu moja ya mafuta yoyote ina kalori 9. Ya wanga, 4. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa 2022, watu walikula parachichi moja kila siku kwa miezi 6. Mafuta ya tumboni hayakupungua; kolesteroli mbaya ilishuka kidogo. Kwa hiyo mlaji wa Ruiru atafaidika zaidi parachichi likichukua nafasi ya chipsi, badala ya kuongezwa juu yake.