Deka za Kutulo na Bluberi za Ughaibuni

Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai, nasi watu watano tumejikunyata mbele yake chini ya kivuli cha mgunga, tukimtazama binti mmoja wa Kutulo, ambaye siku hizi maskani yake ni mji wa Lewiston katika jimbo la Maine huko Marekani, akipita na wanawe wawili baina ya safu za vichaka vilivyopandwa kwa mstari ulionyooka kama uzi wa mwashi, kila mmoja na ndoo yake ndogo shingoni, wakichuma vitunda vya rangi ya buluu iliyokolea na kuvitia ndooni, na kimoja katika kila vitatu wakikitia kinywani. Walipofika mwisho wa safu alieleza kwa Kisomali kwamba sasa wanakwenda kupima ndoo zao kwenye mizani na kumlipa mwenye shamba. Shangazi yake, mama mtu mzima ambaye hadi hapo alikuwa akitabasamu tu, alinigeukia.

"Mwalimu, wanalipa?"

"Wanalipa, mama."

"Na kazi ya kuchuma?"

"Wanaifanya wenyewe."

Alinyamaza kitambo, akajifunga upya shashi yake kichwani. "Basi mimi ni tajiri," akasema, "na hakuna mtu aliyenijulisha."

Kutulo ni mji mdogo wa kaunti ya Mandera, katika njia kuu itokayo Wajir kwenda Elwak. Nchi tambarare ya mchanga na chokaa, ambako mvua ya mwaka mzima aghalabu haifiki milimita 400, tena haiji ila kwa vipindi viwili: Gu, iliyo sawa na masika yetu ya pwani, na Deyr, ambayo ndiyo vuli. Mtu aliyelelewa chini ya miembe na mizambarau, kama nilivyolelewa mimi kabla sijapelekwa kusomesha huko, akiitazama nyika ile mwezi wa Februari, wakati wa kiangazi cha Jilaal, hali vichaka vyote vimekauka na ngamia wamesimama kana kwamba wametundikwa hewani na mvuke wa joto, hadhani kabisa kwamba pana kitu cha kuchumwa. Na mimi nilikaa na dhana hiyo karibu mwaka mzima, huku wanafunzi wangu wakiingia darasani kila baada ya mvua na midomo yenye rangi ya chungwa, nami nikidhani ni peremende za dukani.

Nitarudi kwenye rangi hiyo. Kwanza tuitazame ile bluberi, maana wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wameiona katika vijisanduku vya plastiki kwenye maduka makubwa ya Nairobi, bei yake ikiwatoa jasho, wala hawajapata kuambiwa kwamba tunda lile lilikuwa la mwituni hadi juzi tu. Katika jimbo hilohilo la Maine ipo bluberi isiyopandwa na mtu, ya kichaka kifupi kisichofika gotini, iliyotanda juu ya nyanda za mawe na mchanga. Na wenyeji wa asili wa huko, kama Wapassamaquoddy, walijua tangu kale kwamba moto ukipita juu ya vichaka hivyo, mizizi haifi, bali huchipuza upya kwa nguvu na kuzaa vizuri zaidi. Hata leo wakulima wake huchoma au hufyeka nusu ya shamba na kuvuna nusu nyingine, mwaka hadi mwaka kwa zamu, na uvunaji wenyewe, mwezi wa Agosti, hufanywa kwa chombo chenye meno mfano wa kitana, kinachochana vichaka na kuacha matunda ndani yake.

Bluberi ya kichaka kirefu, ile ambayo familia huenda kuichuma kwa starehe, ina kisa kingine. Mwaka 1910 mtaalamu wa mimea wa serikali ya Marekani, Frederick Coville, alichapisha matokeo ya majaribio yake, akathibitisha jambo ambalo wakulima wote kabla yake hawakulifahamu, nalo ni kwamba bluberi huchukia udongo mzuri: haitaki samadi, haitaki chokaa, hutaka udongo mchachu wa kinamasi na mchanga. Elizabeth White, binti wa mwenye shamba mahali paitwapo Whitesbog katika jimbo la New Jersey, alisoma habari hizo, akamwandikia, wakashirikiana. Shauri la huyu bibi lilikuwa la busara sana. Hakuingia mwituni yeye mwenyewe kutafuta vichaka vyenye matunda makubwa. Aliwaendea watu wa msitu, wachumaji maskini waliovijua vichaka vile kimoja kimoja, akawapa kipimo chenye tundu, akawalipa kwa kila kichaka ambacho tunda lake halikupita katika tundu hilo, na kila kichaka akakiita kwa jina la aliyekigundua. Mmoja wao aliitwa Rube Leek. Na kwa kuwa jina la ukoo wake kwa Kiingereza ni namna ya kitunguu, na tunda tamu halipendezi kunuka kitunguu, walichukua herufi moja tu ya jina hilo wakaipachika kwenye jina la kwanza, ikawa Rubel, nayo hulimwa hadi leo. Mwaka 1916 ndipo bluberi ya kwanza ya kupandwa ilipopelekwa sokoni. Kwa hiyo tunda la kifahari la leo lilipatikana kwa elimu ya watu ambao hawakuwa na shamba.

Ama desturi ya mnunuzi kujichumia mwenyewe ilienea Marekani katika miaka ya 1930 na 1940, wakati bei za mazao zilipokuwa duni na vibarua ni taabu kupatikana, wakulima wakaona ni heri kumfungulia mteja lango kuliko kuliacha tunda lioze mtini; na hivyo kazi ambayo zamani mtu alilipwa kuifanya, ikawa mtu hulipa ili aifanye. Sisemi haya kwa kejeli. Kuchuma bluberi kuna ustadi wake: tunda huiva moja moja katika kishada, si yote kwa pamoja, na likishatengwa na mti haliongezi utamu, kwa hiyo lenye wekundu kwenye kikonyo huachwa, anayejua halivuti, bali hulisukuma kwa kidole gumba likaangukia kiganjani lenyewe, na hujitahidi asiipanguse ile poda nyeupe iliyo juu ya ngozi yake, ambayo si vumbi, ni nta inayolihifadhi.

Je, haiwezi kulimwa kwetu? Kenya inalimwa, Makuyu katika kaunti ya Murang'a, na huko Timau kwenye miteremko ya Mlima Kenya, aghalabu katika vyungu vyenye udongo wa kuletwa, chini ya vyandarua, kwa maji yaliyotiwa uchachu kwa kipimo, na nyingi katika hizo hupakiwa ndegeni. Lakini Kutulo, jirani ya Elwak yenye mashapo ya jasi, ambako hata maji ya kisima huacha ukoko mweupe ndani ya birika, mtu akitaka bluberi itambidi ailetee udongo, maji na hewa kutoka mbali, na kilichobaki cha Kutulo hapo kitakuwa jua peke yake.

Alfajiri ya siku ya pili, yule mama alinichukua nikaone utajiri wake. Mvua za Gu zilikuwa zimekoma wiki chache zilizopita. Tulikwenda yeye, mimi, na wajukuu watatu, kila mtoto na mkebe wake wa mafuta ya Kasuku uliotobolewa pande mbili na kutiwa kamba, na baada ya mwendo wa nusu saa tukafika mahali ambapo mimi niliona vichaka tu, na watoto wakapiga kelele: "Deka!"

Deka ni jina litumiwalo na Wasomali na Waborana wa huko kwa mmea ambao jamaa zake pwani tunawaita mkole. Ni kichaka cha kimo cha mtu au pungufu yake, chenye maua meupe na matawi membamba yaliyofungamana, na tunda lake si kubwa kuliko punje ya njegere, ila limegawanyika vifundo viwili, vitatu, pengine vinne, vimebanana kama vichwa vya watoto waliolala kitanda kimoja. Likiwa bichi ni kijani. Likiiva hugeuka rangi ya chungwa, na ndiyo ile niliyoidhania peremende. Nyama yake ni kiduchu, kokwa ni kubwa, na utamu wake ni wa taratibu, huja nyuma ya ukakasi mdogo, wala huwezi kulila harakaharaka. Karibu yake palikuwa na gomosh, ndugu yake mwenye majani mapana na tunda la rangi ya shaba lenye manyoya laini, na mbele zaidi mareer, ambaye tunda lake lina utomvu mtamu wa kunata vidole hata usiweze kuvikunjua.

Kwa desturi yangu nilishika tawi la kwanza nikalivuna lote. Mama alinitazama asiseme neno. Kisha nikamwona yeye: hushika tawi kwa ncha, hulipindua, huchukua zilizoiva za upande wa jua, halafu huliachia na kwenda kichaka cha pili, na kutoka huko huenda cha tatu, hata mkebe ukijaa amekwisha kupita vichaka ishirini na hakuna hata kimoja kinachoonyesha kwamba kimepitiwa na mtu. Nilipomwuliza sababu, alisema zilizobaki zitaiva keshokutwa, na keshokutwa atapita mwingine.

Neno hilo la "mwingine" ndilo linalotenganisha nyika ile na shamba la Lewiston. Kisima cha Kutulo kina wenyewe, yaani waliokichimba na uzao wao, na mtu hanyweshi ngamia wake bila idhini. Lakini tunda la kichaka ambacho hakuna aliyekipanda ni la aliyelifikia, kama yalivyo malisho. Wanazuoni huliegemeza jambo hili kwenye hadithi mashuhuri ya kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Na hata katika bustani yenye mwenyewe, ipo hadithi kuhusu tunda lililoning'inia mtini, kwamba mwenye haja akila kwa kinywa chake asijaze upindo wa nguo yake, hana lawama, ila akibeba atawajibika; ingawa mafakihi wamehitilafiana katika masharti yake. Nilipomsimulia mama habari hiyo, na kwamba Marekani nako mashamba mengi huvumilia mteja kuonja mle safuni, na kinachopimwa ni kilichomo ndooni tu, alicheka sana. "Kumbe wanajua dini," akasema.

Deka haziishii mdomoni mwa watoto. Huanikwa juani hata zikasinyaa, huwekwa, na baadaye hulowekwa zikatoa kinywaji. Wasudani, wanaoliita tunda hilohilo gudeim, hulifanyia sharubati ya kufuturu mwezi wa Ramadhani, na kwa sababu lina madini ya chuma huwapikia uji wake wajawazito na wanawake waliotoka uzazini. Huku kwetu huuzwa kwa glasi, mbele ya mlango wa duka au kando ya barabara, na anayeuza ni mtoto au ajuza, pato lake ni la sukari na majani ya chai. Wala nyika haina deka tu. Upo mti uitwao garas, wenye majani mazito yasiyopukutika hata katika kiangazi, ambao wazee huutazama kwa hofu, maana husema ukizaa sana ni dalili ya ukame. Mbegu zake huchemshwa muda mrefu, kwa harufu isiyopendeza hata kidogo, na ni chakula cha shida. Baina ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila kuleta mvua ya kutosha, mifugo ikafa kando ya barabara, na katika miaka ile, mama aliniambia, deka hazikutoa hata ua, na aliyekuwa hajapata kuonja garas aliionja. Hakuendelea kuizungumza habari hiyo, nami sikumshikilia.

Tuliporejea jua lilikuwa limepanda. Alitandaza gunia juu ya mabati ya banda, akamwaga deka zake, akazisawazisha kwa kiganja. Kisha akanitaka nimpelekee yule binti wa Lewiston swali moja kwa simu, kwa kuwa lilimkosesha usingizi usiku kucha: vichaka vile vyote, majani mabichi namna ile, tena vimo vya chini, mbuzi wao wako wapi?

Jibu lilifika jioni, sauti ikichanganyika na kicheko cha watoto. Mbuzi hakuna, eeddo (yaani shangazi). Kuna ndege tu, na mwenye shamba amewawekea wavu.

"Wavu," mama alirudia, kama anayejaribu uzito wa neno. Mbuzi mmoja alikuwa ameinua miguu ya mbele kwenye ukuta wa banda, akampiga kwa kandambili na kumfukuza. Ila shore wawili waliokuwa pembeni mwa gunia wakidonoa deka, hakuwagusa.