Nzi Mzito na Ufito Mwembamba

Wengi wetu tulizaliwa karibu na mto au ziwa, na kuloa samaki tulianza tungali watoto. Kwa hiyo rafiki yetu mmoja, mwalimu wa nchi ya Kenya, alipotualika kuvua naye katika kijito kilicho chini ya milima ya Aberdare, tulikwenda na kiburi kidogo moyoni. Hatukujua kwamba tutarudi tumefungwa kitambaa nyuma ya sikio.

Samaki wanaotafutwa huko huitwa trauti, nao si wenyeji wa Afrika. Waliletwa kutoka Scotland mwaka 1905, wakatiwa katika mto Gura, na kwa kuwa maji ya milima ile ni baridi na safi, waliishi wakazaana. Huvuliwa kwa nzi wa bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi hata ifanane na mdudu.

Hapo ndipo elimu yetu ya utotoni ilipotuacha. Sisi tumezoea kufunga risasi penye ndoana: risasi ikirushwa, mshipi hufuata. Kwa mvuvi wa nzi mambo ni kinyume. Nzi ni mwepesi, hawezi kwenda popote kwa uzito wake. Mshipi wenyewe ndio mnene na mzito. Mita 9 za kwanza za mshipi uitwao namba 5 zina uzito wa gramu 9 hivi. Basi mvuvi hurusha mshipi, naye nzi huburutwa nyuma yake kama mtoto aliyeshika nguo ya mama.

Lakini trauti hula zaidi chini ya maji, penye wadudu wachanga wakaao katikati ya mawe. Ndiyo sababu wavuvi walianza kumtia nzi uzito ili azame. Frank Sawyer, aliyekuwa mlinzi wa mto Avon katika Wiltshire, nchi ya Uingereza, aliacha uzi wa kawaida, akawa anafungia manyoya kwa uzi mwembamba wa shaba. Nzi wake hao alivieleza vizuri katika kitabu cha mwaka 1958. Katika Marekani, miaka ya 1980, Bob Clouser wa Pennsylvania aliwafunga nzi wake macho mawili ya risasi, wazame wakitanguliza kichwa. Siku hizi wengi hutumia ushanga wa tungsteni. Sentimeta moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11. Ya tungsteni ina gramu 19.

Ushanga wa namna hiyo ndio uliotupiga.

Na sababu yake si ngumu kufahamu. Mshipi ulio na nzi mzito una mabwana wawili. Ule mshipi ukisha kunyooka nyuma, nzi bado anataka kuendelea na safari yake. Hufika mwisho wa uzi, akavutwa kwa ghafula, akaruka ovyo, kisha akaanguka. Wakati huohuo sisi, tukiwa na haraka, tulikuwa tumekwisha kupiga ufito mbele kwa nguvu zote, kama mtu afyekaye majani. Nzi alikuja chini kuliko mshipi, akaingia nyuma ya sikio letu. Vidole vitatu mbele, lingekuwa jicho. Miwani tulipewa asubuhi, lakini tuliitia mfukoni kwa kuwa ilituletea ukungu.

Rafiki yetu hakucheka. Alikuwa ameubana kwa koleo ule mwiba wa ndoana kabla hatujaanza, kwa hiyo ilitoka bila kurarua nyama. Kisha akatupeleka kwenye majani makavu, akamkata nzi mmoja ncha ya ndoana, akasema, «Mwalimu, leo wewe ni mwanafunzi wa darasa la kwanza.»

Alichotufundisha huitwa na wavuvi wa Ulaya na Marekani mtupo wa Kibelgiji. Wengi hulihusisha jina hilo na Albert Godart, Mbelgiji aliyekuwa bingwa wa kutupa mshipi. Sisi watu wa Kongo tulisafiri hata Kenya ili tufundishwe jambo la Kibelgiji! Ufito hupelekwa nyuma kwa upande, chini, karibu na usawa wa kiuno, polepole. Haukomi huko. Unazunguka kama mkono uchorao umbo la yai, ukarudi mbele juu ya kichwa. Hivyo mshipi huenda kwa njia moja na kurudi kwa njia nyingine, nao hukaa umekaza tangu mwanzo hata mwisho. Nzi haonji ule mvuto wa ghafula wala hapati nafasi ya kuanguka. Kwenda nyuma mara moja, kurudi mara moja, basi. Yule apendaye kupunga mshipi hewani mara tano kwa uzuri wake, na afunge nzi mwepesi.

Kulikuwa na maonyo mengine. Nzi aliyezama ainuliwe kwanza taratibu hata juu ya maji, kwa maana ukimng'oa chini hutoka kama jiwe la kombeo. Upepo ukivuma kutoka upande wa mkono utupao, geuka, au pitisha mshipi juu ya bega la pili. Tena ushanga ukiugonga ufito wa nyuzi za kaboni hufanya ufa usioonekana, na ufito huvunjika siku nyingine, mwenyewe akashangaa.

Saa nzima tulitupa juu ya majani. Katika mitupo kumi, mitatu ilikuwa mizuri. Tulipokaribia maji tena, rafiki yetu aligonga mfuko wa shati letu kwa kidole.

«Mwalimu, miwani.»

Trauti wa kwanza alikuwa na urefu wa kiganja, tukamrudisha mtoni. Wa pili hatukumwona. Mshipi ulikaza mara moja penye kivuli cha jiwe kubwa, kisha ukalegea.