Tumbo la asubuhi ya shule

Mtoto huamka mzima, lakini akivalishwa sare tu, analia tumbo. Siku za mapumziko tumbo hilo halimuumi. Wazazi wengi humwita mwongo, na wengine humchapa. Si mwongo. Mtu akiogopa, mwili humwaga homoni ya adrenalini. Moyo huenda mbio, tumbo hukaza, na maumivu huwa ya kweli.

Chuchumaa mbele yake macho yenu yakutane, umtajie alilonalo: “Unaogopa, mwanangu?” Mtume (s.a.w.) alimuuliza mtoto Abu Umayr habari za kindege chake kilichokufa, wala hakuliona kuwa jambo dogo. Kisha mfundishe avute hewa kwa pua, aitoe polepole kwa mdomo kama anayepoza uji. Rudieni mara tano.

Akishatulia ndipo umuulize: je, ni fimbo ya mwalimu, wa shule au wa madrasa? Wenzake wanamwonea? Kuna mtu anamshika vibaya? Usimtishe kwa sindano ya daktari. Siku akiugua utamburuza. Akiwa na homa, akitapika, akikonda, au hofu ikimnyima usingizi kwa wiki kadhaa, mpeleke hospitali.