« African Queen »: sinema ya mto Ruiki iliyogeuza mwisho wa kitabu

Mwaka wa 1951, Mmarekani John Huston alileta kamera mpaka Biondo, kando ya mto Ruiki, upande wa Ubundu. Wakati ule Ubundu iliitwa Ponthierville. Alikuja na waigizaji wakubwa wawili, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Sehemu zingine za sinema zilichukuliwa Uganda na katika studio za London. Sinema inaitwa « African Queen », na Bogart alipata Oscar juu yake.

Lakini mtu aliyependa kitabu mbele ya kuona sinema anaweza kubaki na uchungu. Sababu gani?

Kitabu kinasema nini?

Kiliandikwa na Mwingereza C.S. Forester mwaka wa 1935. Ni hadithi ya vita ya kwanza ya dunia, katika koloni la Wajerumani, ng'ambo ya mashariki. Rose, dada ya mmisionari aliyekufa, na fundi Allnut wanashuka mto wenye maporomoko makali ili kupiga meli ya Wajerumani kwenye ziwa. Bomu wanatengeneza wao wenyewe. Kisha zoruba inazamisha mashua yao, na taabu yote inaenda bure. Meli inakuja kuzamishwa na mashua za mota za jeshi la Waingereza.

Na sinema?

Zoruba inabaki, lakini mashua iliyopinduka haipotei. Meli ya Wajerumani inaigonga, bomu zinalipuka, na wapenzi wawili wanaokoka. Tena Allnut, Mwingereza wa London katika kitabu, amekuwa Mkanada.

Inaeleweka. Mtu amelipa tiketi, amefuata hawa wawili safari nzima, anataka wamalize kazi kwa mikono yao. Lakini kitabu kilisema kitu kigumu zaidi: mtu anaweza kufanya bidii yote na asishinde.

Tumepoteza nini?

Mwisho wa kitabu ulikuwa karibu zaidi na historia. Mwaka wa 1915, Waingereza walileta kweli mashua mbili, Mimi na Toutou. Gari moshi liliziacha Fungurume, Katanga. Kutoka pale zilivutwa juu ya milima ya Mitumba na mashini za mvuke na ng'ombe. Vibarua Waafrika walifungua barabara na kujenga madaraja. Kisha zilishuka Lualaba, mto ule ule unaopita Ubundu mbele ya kufika kwetu Kisangani, mpaka Kabalo, na gari moshi likazifikisha Lukuga, ni kusema Kalemie ya leo.

Februari 1916, walizamisha meli Hedwig von Wissmann. Ile kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi wa saba. Baadaye iliinuliwa, ikapewa jina Liemba, na ikabeba wasafiri miaka mingi kwenye Tanganyika.

Msomaji wa kitabu anaweza kuuliza: hizi mashua zilifika ziwani kwa njia gani, na nani alizibeba? Sinema inafunga swali hilo, kwa sababu mashua za jeshi hazimo tena. Pamoja nazo, wanapotea pia watu wa kwetu waliotoa jasho.

Basi tuangalie sinema bila haya, mto Ruiki ni wetu. Lakini mtoto akiuliza nani alipigana kwenye Tanganyika, tumwambie safari ya Mimi na Toutou.